Dungu la Respicius

Mtu akirudi kijijini na hela, mwache ajenge nyumba, mwache anunue ng'ombe, mwache hata agombee udiwani. Respicius yeye alirudi Usevya akajenga dungu. Ndiyo, dungu hili hili la miti minne tunalokaa juu yake kuwinga ndege wasile mpunga. La kwake lilikuwa la mbao zilizopigwa vanishi, lina ngazi yenye vishikio vya mikono, na juu yake mito ya kochi. Mimi ni Getrude, mama Arcade. Nimekaa kwenye madungu tangu sijang'oa meno ya utoto, na sijawahi kuona ndege anayeogopa vanishi.

Tuelewane mapema. Huyu Respicius zamani alikuwa kijana wa kulipwa chakula tu, anawinga ndege kwenye shamba la watu lililopakana na la baba mkwe wangu. Upande wa kwetu aliyekuwa anawinga ni wifi yangu Agatha. Mchana ndege wakipungua, wawili hao walipanda dungu moja wakasoma kitabu, riwaya kuukuu ambayo Agatha alipewa shuleni, ya mwanamume aliyekwenda mbali, akatajirika, akarudi kumtafuta mchumba wake. Walipendana, sitasema uongo. Lakini Respicius alipotuma mshenga, mume wangu Melkior, kaka yake Agatha, alicheka mpaka akakohoa. Akasema mtu anayewinga ndege wa wenzake mke atamlisha nini, hao ndege? Respicius akaondoka. Agatha akaolewa na Yohani, Yohani akafa, naye akarudi nyumbani na mabinti wawili na kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake. Mpunga wa hapo ndio chakula chao, ndio sare za shule, ndio kila kitu.

Sasa Respicius ana malori Mpanda mjini na ghorofa Ilembo. Alivipataje, wengine wanasema madini, wengine wanasema mengine, mimi simo. Mwaka huu alilinunua lile shamba alilokuwa analinda, akapanda mpunga mrefu wa zamani, wenye harufu, ambao sisi tuliuacha kwa sababu upepo kidogo tu unalala chini. Halafu akaja kuukagua amevaa kaptula yenye viraka. Kaptula mpya. Fundi Mustapha wa mjini ndiye aliyeshona vile viraka, kwa maelekezo, na akalipwa. Jamani, sisi viraka tunaficha, mwenzetu anavinunua.

Na mume wangu je? Yule yule aliyecheka mpaka akakohoa, siku hizi akisikia gari tu anakimbia kufungua mlango. "Karibu shemeji, karibu sana." Ushemeji gani, wakati posa alishaikataa kwa mdomo wake? Nilimuuliza, akasema mimi sielewi mambo ya kifamilia. Kisha akamkalisha mdogo wake chini. "Agatha, Mungu akikurudishia bahati mara ya pili, usimwambie asubiri."

Siku hiyo hiyo nilimkuta Agatha anafua kitenge chake kizuri. Nikamtania, "Wifi, hicho si cha Pasaka? Au Pasaka imerudi na gari?" Akanirushia povu la sabuni, anacheka. Moyo wake ulikuwa umeanza kulainika. Sikumlaumu, mjane ana baridi yake, lakini niliogopa.

Mpunga ulipoanza kutia maziwa, kwelea kwelea nao wakafika. Kwetu mashamba yakipakana, kila mwenye shamba anaweka mtu wake tangu alfajiri, na kamba za makopo tunaziunganisha, ukivuta wewe zinalia mpaka kwa jirani. Ukiacha shamba lako bila mtu, ndege wanajifunza njia, na wakimaliza kwako wanavuka mpaka. Hilo analijua hata mtoto. Respicius alilijua kuliko mtoto, maana ndilo lililomlisha. Lakini dungu lake lilikaa tupu, na alikataza mtu yeyote asilipande.

Agatha akamfuata. "Respi, weka mtu awinge. Wakimaliza kwako watahamia kwangu."

"Lile dungu ni lako," akamjibu. "Panda wewe, tuwinge wote kama zamani."

"Zamani nilikuwa na baba. Sasa nina watoto."

Hakusikia. Watu wa namna hii masikio yao yako kisogoni.

Jumapili moja baada ya misa akaleta wageni kutoka mjini, akachinja ng'ombe wawili, akafunga spika kubwa pembeni ya shamba. Zile kamba za makopo upande wake alikuwa ameamuru zifunguliwe kwa sababu zinaharibu muziki. Kijiji kizima tulikwenda, nyama ni nyama. Agatha aliwaacha mabinti zake shambani na debe la kupiga. Njiani akanishika mkono. "Napanda mara moja tu kumwomba aweke watu. Akikubali hilo, wifi, na mengine nitakubali."

Basi akapanda, mimi nikabaki chini ya ngazi nimeshika viatu vyake. Kabla hajasema neno, Respicius akatoa kile kitabu. Alikuwa amekitunza miaka yote hiyo, kimefungwa kwenye nailoni. "Kurasa za mwisho hazimo," akasema. "Sijawahi kujua iliishaje. Wewe uliimaliza. Walioana, sivyo?" Ni kweli hazimo, Melkior alizisokotea tumbaku Agatha alipokwisha kuzisoma, kabla kitabu hakijaenda na Respicius.

"Nitakwambia," Agatha akasema. "Kwanza weka watu wawinge. Leo hii."

"Kwanza mwisho wa kitabu."

Ndipo kwelea kwelea wakatokea upande wa mtoni, wengi mpaka kivuli chao kikapita juu ya masufuria. Wageni wakanyanyua simu zao wapige picha, eti pazuri. Ndege wakashukia ule mpunga mrefu uliolala, wakaula kama wametengewa sahanini. Mabinti wakaanza kupiga debe, lakini spika iliwazidi. Kisha kundi likainuka, likavuka mpaka, likatua kwa Agatha.

Agatha akasimama. Respicius akamshika mkono.

"Waache wale. Mpunga kitu gani? Nitakuletea lori zima. Kaa, uniambie mwisho."

Nilikuwa pale pale chini, nilisikia vizuri. Agatha alimwangalia usoni, akasema taratibu, "Yule kijana niliyempenda angekuwa ameshashuka."

Akautoa mkono wake, akaruka. Ile ngazi ya vanishi hakuigusa. Nilitupa viatu nikamfuata. Tulipiga masufuria, tulipiga mayowe, hata Melkior, haki yake nampa, alivua koti la misa akawa anawapungia nalo huku analia kama mtoto. Tuliokoa mpunga wa majaruba ya pembeni ya mfereji tu. Mengine yalibaki mabua. Nilipogeuka, Respicius bado amesimama juu ya dungu na kaptula yake ya viraka, kitabu mkononi, anaagiza wapunguze muziki.

Wiki iliyofuata lori la mpunga lilikuja kweli. Agatha aliupokea mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kama anavyopokea fidia mtu ambaye shamba lake limeliwa na ng'ombe wa jirani. Hakusema asante, wala hakusema ni mdogo. Melkior akanong'ona kwamba bado shemeji anaweza kurudi. Nikamwambia aende akamwoe yeye.

Juzi Melkior karudi kutoka mjini. "Nimeonana na Respicius," akamwambia dada yake. "Kakonda. Hataki kitu kingine tena, anauliza tu kile kitabu kiliishaje."

Agatha alikuwa amekaa uani anatoboa makopo ya msimu ujao. Alitoboa tundu jingine, akalipuliza.

"Mwambie nimesahau."

Nilidhani anamkomoa. Nikamtazama usoni nipate cha kumtania, nikakikosa. Alikuwa amesahau kweli. Akaniambia nimsogezee kopo lingine.