Nyimbo Tatu Bila Ngoma

Klaudia aligundua siri ya lile hema jeupe mapema kuliko alivyotaka.

Madaktari wanne walikuwa wametoka Bukoba asubuhi na gari lililojaa spika, wakapanga vyombo vyao na kusimamisha hema jeupe la kupimia pembeni mwa soko la Muleba. Mpiga gitaa, Daktari Najibu, alisema kwenye kipaza sauti kwamba wanapiga roki, muziki wa kelele, kwa sababu kansa inapenda watu walionyamaza. Watu wakacheka. Nyuma yake, kwenye ngoma, alikaa Daktari Hellen, mwanamke mnene mwenye miwani. Kati ya wanne hao ndiye pekee aliyekuwa mwanamke. Kila mwanamke alipoingia hemani kupimwa matiti, Daktari Hellen aliweka vijiti vya ngoma mfukoni akamfuata, na wenzake wakaendelea na magitaa bila ngoma mpaka arudi.

Hawakujua kwamba soko zima linasikiliza.

"Huyo hana kitu," alisema Mwajuma, muuza dagaa, ngoma ziliporudi katikati ya wimbo. "Kaingia, katoka."

Kwa aliyefuata, wimbo ukaisha bila ngoma.

"Eee! Wimbo mzima! Huyo kashikwa."

"Mdomo wako, Mwajuma," alisema Ma Kokubanza, mama mkwe wa Klaudia. Lakini naye alikuwa anahesabu. Alikaa nyuma ya gunia la maharage yao, anatafuna kahawa kavu, na kila wimbo ulioisha bila ngoma aliweka punje moja ya kahawa juu ya kanga yake, mapajani.

Klaudia alikuwa na uvimbe chini ya titi la kushoto tangu Machi. Mwanzoni ulikuwa kama harage. Sasa ulikuwa kama karanga na ganda lake. Hakumwambia mtu, hata mumewe Gozbert aliyekuwa kazini Biharamulo. Shangazi yake aliuficha wake kwa majani ya dawa mpaka harufu ikamsema. Na jirani yao mmoja, alipojulikana anaumwa, mumewe alimrudisha kwao pamoja na sanduku lake kabla hata ya mavuno. Klaudia aliogopa kujua, na aliogopa kujulikana, na hakuweza kusema kipi kilimzidi.

"Ma, naenda chooni," alisema.

Choo cha soko kilikuwa nyuma ya hema. Alikizunguka, akatazama huku na huku, akainua turubai akaingia kwa nyuma.

Muuguzi aliyekuwa akipokea wanawake mle ndani akachungulia nje na kumpungia Daktari Hellen mkono. Ngoma zikanyamaza.

Mikono ya Daktari Hellen ilikuwa ya baridi. "Tangu lini, mdogo wangu?"

"Machi."

Nje wimbo ukaisha. Mwingine ukaanza, magitaa matupu. Vidole vilikwenda kwapani, vikarudi palepale. Wa pili nao ukaisha.

"Daktari, rudi kwenye ngoma. Wanahesabu."

"Nani anahesabu?"

Akamweleza. Daktari Hellen akasimamisha mkono.

"Mungu wangu. Kumbe sisi wenyewe ndio tunaowatangaza." Akatazama nje, akamtazama Klaudia. "Nikitoka sasa nitakuwa nimekupima nusu. Unataka nusu?"

Klaudia alivitazama vile vijiti vilivyochomoza kwenye mfuko wa koti. Alitaka kusema ndiyo.

"Malizia," alisema.

Ukapita wimbo wa tatu.

"Sijui bado ni nini," alisema Daktari Hellen, akimwandikia karatasi. "Si kila uvimbe ni kansa. Lakini huu siuachi. Jumanne njoo Bukoba, tuchukue kinyama kidogo kwa sindano."

Klaudia alitokea nyuma, karatasi ndani ya sidiria. Mbele ya mlango wa choo alisimama Ma Kokubanza, kiganja wazi. Punje tatu.

"Choo gani hicho cha nyimbo tatu?"

Uongo ulikuwa tayari: tumbo, waitu, mama yangu, tumbo limenisumbua.

"Ma, ni titi. Wananitaka Bukoba Jumanne."

Mama mkwe alifumba kiganja. Akilini Klaudia akaliona tayari sanduku lake mlangoni, limefungwa kamba.

"Gozbert anajua?"

"Hajui."

"Atajua kwangu." Akaushika mkono wa Klaudia akamwekea punje zile tatu, kama anavyopewa mgeni aliyeingia nyumbani. "Tafuna. Gari la kwanza la Bukoba ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Jumanne tutakuwa barabarani saa kumi na moja."

Kule mbele Daktari Najibu akatangaza kwamba kuanzia sasa ngoma hazitapigwa tena mpaka jioni. Magitaa yakaanza.

"Sasa tutajuaje?" Mwajuma akapaza sauti.

Wanawake wawili waliinuka kwenye ndizi zao wakaelekea hemani. Klaudia alitafuna. Kahawa ilikuwa chungu, na chini ya karatasi ile moyo ulimpiga palepale penye uvimbe.