Komeo la Bonaria

Bainzu alikuwa fundi wa visu vya kukunja, na huku kwetu milimani Sardinia padri mwenyewe husalimiwa baada ya fundi wa visu. Mwanamume haendi kokote bila kisu mfukoni. Kisu chenye chapa ya Bainzu, ubapa mwembamba kama jani katika mpini wa pembe ya kondoo dume, baba humwachia mwanawe akiwa kitandani anakata roho. Watu walisema mkono ule Mungu aliuumba siku aliyokuwa na nafasi. Upuuzi mtupu. Mkono wa Bainzu ulikuwa unatetemeka tangu mkewe yu hai, na kila kisu kilichotoka karakanani kwake miaka yote hiyo kilikuwa kimeundwa na binti yake, Bonaria. Mzee alibakiwa na kazi ya kugonga chapa tu, na hata hapo ilibidi binti amshikie kisu kisiteleze.

Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyelitamka. Waliishi hivyo kwa amani, kama watu wanaoishi na paa linalovuja.

Mwaka jana Bonaria akaunda kisu chake mwenyewe. Umbo la jani hakuligusa, alisema hilo ni la babu zetu. Ila chuma alichagua kisichoshika kutu, mpini akaupunguza unene usitoboe suruali za siku hizi, akaweka kibanio cha kukiningʼiniza ukingoni mwa mfuko, na kijiti kidogo cha kukifungua kwa dole gumba huku mkono wa pili umemshika kondoo. Halafu, mgongoni, akaweka komeo la kuzuia ubapa usijikunje. Visu vyetu vya asili havina komeo. Ubapa unakaa wazi kwa kubanwa na ribiti, kijisumari cha kiungo, basi. Ukiusukuma vibaya unajikunja, na vidole vyako viko njiani. Wazee wanajua kushika: dole gumba na cha shahada pale shinani mwa ubapa, vingine vimerudi nyuma. Vijana wanashinda gereji na maofisini, wanakishika kisu ngumi nzima kama wameshika mpini wa koleo, na Bonaria alishachoka kuwaona na bandeji.

"Wafundishwe kushika," Bainzu alisema alipoonyeshwa.

"Nani awafundishe, baba? Wenyewe hawana hata muda wa kula wamekaa."

Mzee akakigeuzageuza, akasema kinafanana na kifaa cha mganga wa meno. Bonaria akacheka, maana alimzoea. Kisha akasema neno ambalo hakupaswa kulisema kwa mtu mwenye kiburi kile. Kuna mfanyabiashara wa Cagliari amekipenda na anavitaka vingi, kwa hiyo yeye anaomba hivi vipya vigongwe chapa ya jina lake, Bonaria. Vya zamani vibaki na ya baba, milele, yeye ataendelea kuviunda. Anaomba hicho kimoja tu.

Komeo halikumuuma Bainzu hata kidogo. Fundi yeyote mwenye macho angeona ni kazi safi. Kilichomuuma ni kwamba watu wakikishika kisu kile watasema huu mkono tunaujua. Watatoa cha zamani mfukoni, waviweke sambamba, na uongo wa miaka yote utakuwa uchi mezani. Mtu mzima hovyo kabisa, badala ya kushukuru kuwa na mtoto wa namna ile akaanza kumwogopa.

Akamwambia, haya, kisu kipya kiende kwenye sherehe ya kukata manyoya kama visu vyote. Bonaria akambusu shavuni.

Sherehe hiyo ina taratibu zake. Kondoo wakishanyolewa, nyama huletwa kwenye masinia ya gome la mti, na kila mtu anatoa kisu chake mwenyewe. Kikiwepo kisu kipya anapewa mchungaji mkubwa kuliko wote akate pande la kwanza. Akimaliza akikikunja na kumpitishia jirani, fundi amepata jina. Akikilaza mezani kikiwa wazi, fundi arudi nyumbani, na haulizi kwa nini.

Asubuhi ya siku hiyo Bonaria akipakia mikate garini, Bainzu alikibana kisu kwenye jiliwa. Akachukua tupa ndogo na kulilainisha pengo la chuma ambamo komeo huingia, kidogo tu, mpaka ukingo wake ukawa mteremko. Kisha akakisugua king'ae. Mkono haukutetemeka, nashangaa mpaka leo. Kisu kilifunguka vizuri na komeo likalia tak kama kawaida, lakini ungekikandamiza kwa nguvu lingeteleza. Hakutaka mtu aumie, hilo tumpe. Mkataji angekuwa mzee Tottoni, anayeshika kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na babu yake. Kisu kingejikunja bila kumgusa, wanaume wangecheka, Bonaria angelia siku mbili na kurudi kwenye jiwe lake la kunolea. Ndivyo alivyojipangia.

Zizini watu walikula jibini wakingojea nyama. Likaja sinia lenye bega la kondoo mkubwa, na Tottoni akapewa kisu. Akakifungua, akakifunga, akakifungua tena. Akatoa na chake cha zamani, chenye chapa ya Bainzu, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Bainzu aliona jinsi yule mzee alivyoinua macho, na akajua amekwisha.

Tottoni hakumwaibisha. Alimwita Bonaria kutoka kule wanawake walikokuwa wakigawa mikate. "Njoo hapa, mwanangu. Mimi nimekula kwa mkono wako miaka mingi bila kukuambia ahsante. Leo anza wewe."

Haijawahi kutokea mwanamke kukata pande la kwanza. Mwanamume mmoja akaanza kugonga meza, wakamfuata wote. Bonaria akaja akifuta mikono kwenye aproni, uso umemwiva kwa furaha, na akamtafuta baba yake kwa macho.

Bainzu alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Neno moja lingetosha. Ngoja, angesema, lete nikitazame kwanza. Lakini wangeuliza unatazama nini, na Tottoni angekichukua, na wale si watoto, alama ya tupa mbichi wanaijua. Akajiambia binti nimemfundisha mwenyewe, atashika kwa vidole viwili. Akajiambia hivyo huku akimwona anakizungushia ngumi nzima, vidole vyote vinne mbele ya njia ya ubapa, ili kila kijana pale aone kwamba sasa inawezekana. Akanywa divai.

Bonaria akachoma kwenye kiungo cha bega, akakandamiza, akazungusha.

Hakupiga kelele. Alisema "aa" ya mshangao na kuutazama mkono, na Tottoni ndiye aliyeuvingirisha kwa skafu yake. Wakati wanamkimbiza hospitali ya Sassari, Bainzu alibaki nyuma. Alikiokota kisu nyasini na kukitia motoni, chini ya nyama.

Madaktari waliunga walichoweza. Kidole cha shahada na cha kati havikunjiki tena, na kile cha pete hakina hisia. Kijiji kizima kinamwonea huruma Bainzu. Wanamletea supu, wanamwambia pole mzee, ulimkanya.

Mfanyabiashara hakutaka tena komeo, sasa anataka visu vya asili, vya mkono wa Bainzu. Juzi mzee aliketi kwenye jiwe la kunolea na kuharibu ubapa wa tatu. Bonaria alikuwa kando yake kwenye kigoda, mkono ukiwa mapajani, akimwelekeza polepole: inua kidogo, baba, usiukazie.

"Usiku silali," akasema. "Lile pengo nililipima mwenyewe. Nilirudia kupima. Niambie wewe unayejua, nilikosea wapi?"

Bainzu aliweka ubapa chini. Akamweleza kwa utaratibu, kama alivyokuwa akimweleza utotoni: chuma kile alikiacha motoni kupita kiasi, kikalainika, pengo likaliwa na komeo lenyewe. Kosa la mwanafunzi, akamwambia. Bonaria alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa, machozi yakimshuka.

"Kumbe," akasema. Akauchukua mkono wa baba yake unaotetemeka na kuubusu. "Afadhali imekuwa mimi, baba. Ningevipeleka Cagliari vyote vile, ningekata vidole vya watoto wa watu."

"Ndiyo," Bainzu akasema. "Afadhali."