Ngozi ya Pinki

Chumba kile kilikuwa cheusi kwa sababu ya Gervas. Ujanani, kabla hajafikiria kuoa, alifungua banda la video humo humo ndani ya nyumba yake ya Makanyagio, akapaka kuta zote nne rangi ya mafuta nyeusi ti ili picha ionekane vizuri. Vijana wa mtaa waliingia wakiwa na akili zao, wakatoka wanarushiana mateke hadi makwao. Kila mtu aliponunua simu banda likafa, weusi ukabaki. Specioza alipoolewa pale alikifanya chumba stoo ya magunia, akafunga mlango.

Angekiacha hivyo hivyo kama si Dina. Huyu alikuwa binti wa Gervas kwa marehemu mkewe, ana miaka saba, na alilelewa kijijini Litapunga na mama mzaa mama, Bibi Mariana. Miaka miwili Specioza alikuwa anamwomba bibi huyo amruhusu mtoto aje mjini, bibi anakataa. Yeye mwenyewe katoka nyumba ya watoto kumi na mmoja, wakilala wanne kitanda kimoja mpaka siku ya ndoa. Nyumba yenye watu wawili tu aliiona kama msiba ambao waombolezaji wamekosea njia.

Mtaani lakini ilitembea hadithi nyingine, kwamba mama wa kambo ndiye aliyemkataa mtoto. Ilianzia bombani, ikapita saluni, ikaingia kwaya, na kila kituo ikapakia abiria. Specioza hakuwa na haki sana ya kulalamika, maana umbea mwingi wa Makanyagio aliuendesha yeye. Huu tu ndio uliomgonga.

Hatimaye bibi akakubali, kwa sharti. Angemleta Dina Jumamosi na kukagua pa kulala. Akipaona pabaya, anageuza naye siku hiyo hiyo, na habari za mjini zisisikike tena kwake.

Alhamisi akaitwa Méthode, fundi rangi, akipake chumba pinki. Alipapasa ukuta kama daktari anayepapasa tumbo, akasema hiyo ni rangi ya mafuta, rangi ya maji haiwezi kuishika hivi hivi. Waoshe kwa sabuni, wapige msasa mpaka mng'ao wote uishe, wapake rangi ya kwanza ya kuufunika weusi, ndipo pinki ifuate. Siku nne. Specioza akamwona mtu anayerefusha kazi ili anywe chai za watu. Akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi kuita wanawake wa mtaa.

Ijumaa nyumba ilijaa mpaka uani. Samaki wa migebuka walichemka, redio ikafunguliwa, na Scolastica wa nyumba ya pili akajiteua msimamizi kwa sababu aliwahi kupaka rangi kabati. Mkono wa kwanza wa rangi ulipokauka ukuta ulikuwa na rangi ya maini ya mbuzi. Scolastica akasema ongeza. Wa pili ukawa kama kidonda kinachopona. Ongeza. Walipofika mkono wa tano, nene kama uji wa mgonjwa, pinki ikakubali kuwa pinki, wakapiga vigelegele. Gervas alichungulia, akasema panapendeza, akatoweka kabla hajapewa brashi.

Jumamosi saa nne bodaboda iliyobeba bibi na mjukuu ikasimama mlangoni. Bibi Mariana alishuka, mrefu, mkavu, asiye na haraka ya kutabasamu, akamwambia kijana wa pikipiki asizime. Aliingia chumbani na nusu ya mtaa nyuma yake. Akaangalia kitanda, chandarua, dirisha. Akaegemeza kiganja ukutani ili achungulie nyuma ya kitanda, na alipokiondoa, kipande cha pinki upana wa chapati kikaja nacho. Chini yake weusi uling'aa kama ulipakwa asubuhi ile.

Scolastica akakumbuka ameacha maharage jikoni.

Bibi akauliza nani kapaka. Wale waliopiga vigelegele jana waliangalia dari.

"Mimi," Specioza akasema. "Fundi aliniambia tusugue kwanza. Nikaona ananichelewesha."

"Ulikuwa unawahi nini?"

"Huyu mtoto, mama."

Bibi alifuta kiganja kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kwa kidole. "Ukuta umeshindwa kuuvumilia siku nne. Mtoto utamvumilia miaka?"

Akamwita Dina waondoke. Specioza alisikia machozi yakija, akayameza, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa pale na asingewapa hilo nalo la kusimulia.

Dina hakuitika. Walimkuta nyuma ya mlango, kachuchumaa, ulimi nje, anavuta pinki kutoka sakafuni kwenda juu. Alikuwa amebandua mkanda mrefu kuliko mkono wake, na haujakatika.

"Twende, mjukuu wangu."

"Sijamaliza."

"Hujamaliza nini?"

Mtoto alizitazama kuta nne kama mtu aliyeonyeshwa shamba lake. "Zote hizi."

Bibi alirudia kuita, kwa sauti ambayo Litapunga hata mbuzi waliitii. Dina akaendelea kubandua. Nje pikipiki ikazidi kunguruma. Mwisho bibi akaomba kigoda, na kijana wa bodaboda akaambiwa akatafute abiria wengine.

Kufika mchana bibi naye alikuwa ameingiza kucha kwenye kona, kwa maelezo kwamba anasaidia ili wawahi kuondoka. Kipande chake kikakatika. Mjukuu wake akamwambia asivute kama anachuna ng'ombe.

Jumapili jioni walikuwa wamemaliza ukuta mmoja na nusu. Jumatatu Specioza akampeleka Dina shule ya jirani, ati asikae bure akisubiri. Jioni akamnong'oneza apunguze mwendo, nusu ukuta kwa siku unatosha kabisa. Jumanne Méthode, aliyesikia habari za ukuta, akaja na msasa wake, akazuiwa mlangoni na kuombwa apite wiki ijayo. Akachungulia ndani na kuuliza nani anabandua vizuri namna ile. Specioza akamjibu kuwa ni watu wa kazi.

Jumatano mchana bibi akasema karanga za Litapunga hazijing'oi zenyewe. Akafunga mzigo wake, umebaki ukuta mmoja. Specioza alisimama mlangoni, akisubiri mtoto aitwe.

Bibi alimtazama Dina, aliyekuwa na sare ya shule na vumbi la pinki mpaka kwenye nyusi.

"Huo uliobaki," akamwambia Specioza, "msimharakishe."

Akatoka, Gervas nyuma yake kabeba mzigo. Specioza akaingia ndani, akachuchumaa karibu na mtoto, hajui aweke wapi mikono.

"Wewe anzia kule," Dina akasema bila kugeuka. "Na usikate."