Beseni la Meno

"Mama yako ana-dwindle tu, mwalimu," daktari wa nyumba ya wazee aliniambia. "Ni umri. Waandae ndugu zako."

Alilitamka neno lile kwa utamu, kama mtu anayemung'unya peremende. Nilisikia kinyaa.

Neno hilo la Kiingereza nalifundisha darasani. Maana yake ni kupungua kidogo kidogo hadi kwisha: kuni jikoni, watu uwanjani mvua inapoanza, matumaini. Ni neno lisilomtafuta mchawi. Kitu kimekwisha, basi, kila mtu arudi kwake. Siku hiyo lilinuka.

Mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Chakula chake kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

"Kula basi, mama."

"Kinauma, mwanangu. Kila nikitafuna."

Nikamfunua mdomo. Fizi zilijaa vidonda, na harufu iliyotoka humo, Mungu anisamehe, ilinigeuza uso. Nikayatoa meno yake ya bandia. Hayakuwa yake! Ya mama yana jino la mbele lililomeguka, alilimega akifungua soda siku ya harusi yangu. Haya yalikuwa mazima, mapana, meno ya mtu mwingine kabisa.

Nikashuka nayo chumba cha kufulia. Mhudumu alikuwa ameyamwaga meno ya wazee wote kwenye beseni moja, maji yana utando, anayasugua huku anaimba.

"Unajuaje yapi ya nani?"

"Nakadiria kwa macho, dada. Yakigoma kuingia, nabadilisha." Akacheka.

Nilitapika kwenye sinki lake. Kisha nikakunja mikono ya blauzi, nikalichakura beseni lile lenye utelezi mpaka nikaliona jino letu lililomeguka. Nikayaosha meno ya mama kwa sabuni mpaka vidole vikauma.

"Na haya?" Nikamwonyesha yale mapana.

Akayageuza kwenye mwanga. "Ala! Si ya bibi wa kitanda cha dirishani haya? Aliyalilia, maskini!"

"Yuko wapi nimrudishie?"

"Tulimzika wiki iliyopita."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Wala hakuumwa. Aligoma kula tu." Akarudisha mikono kwenye maji yale yale. "Daktari alisema ana-dwindle."