Sauti ya Nne

Watu wengi mwaka ule walikamatwa kwa sukari, wengine kwa mafuta ya kupikia, lakini Rogathe aliponzwa na Wajerumani waliokufa zamani. Mdomo huponza kichwa, na mdomo wa Rogathe ulikuwa na kazi mbili: kupuliza tarumbeta na kueleza historia. Kama angebaki na ile ya kwanza, nisingekuwa na la kusimulia.

Alikuwa mwalimu wa kikundi cha tarumbeta cha usharika wao wa Kilutheri, kule milimani juu ya Kisiwani, na hakuweza kufundisha wimbo bila kueleza ulikotoka. Siku moja ya Kwaresima mwaka 1983, wapulizaji wakiwa wamechoka na midomo imewavimba, aliwakalisha kando ya ukuta wa kanisa akaanza habari za miji ya Ujerumani enzi za Bach, mtunzi wa nyimbo za kanisa. Miji ile, alisema, iliajiri wapulizaji wake yenyewe, na juu ya mnara alikaa mlinzi mwenye tarumbeta. Huyo hakuwekwa pale kuburudisha watu tu. Alitazama barabara. Moto ukiwaka, anapuliza. Wapanda farasi wasiojulikana wakitokea, anapuliza. Na mji mzima unajua la kufanya kabla adui hajafika langoni.

Akaendelea, maana akianza haachi. Akasema enzi ile sauti ya nne, yaani besi, ndiyo iliyokuwa msingi wa nyumba. Mtunzi aliandika besi, akaitia tarakimu chache, na mpiga kinanda akajijazia mengine kwa akili yake. Baadaye wakaja akina Haydn na Mozart, utamu wa wimbo ukahamia juu, besi ikawa mpagazi wa kubeba mizigo ya wenzake.

"Na sisi ni watoto wa hao wa pili," alisema. "Tunasikia ya juu tu. Nani kati yenu ataniimbia sauti ya nne ya wimbo wetu wa Ijumaa Kuu?"

Hakuna aliyeweza. Mpuliza besi wao alikuwa ameteremka kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge, na tangu aondoke Rogathe ndiye aliyeishika sauti hiyo. Aliifanyia mazoezi nyumbani kila jioni, mpaka mkewe Evaline akalalamika kwamba nyimbo za mumewe hazina kichwa, ni miguu tu inayotembea.

Haukupita muda redio ikatangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Jamani, hofu ya siku zile isikie kwa mwenzio. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na buibui, basi. Sabuni uliyoogea, mafuta uliyojipaka, khanga uliyovaa kwenda kanisani, vyote vilivuka mpaka kutoka Taveta, upande wa Kenya, vikapitia Mwanga, vikapanda mlima juu ya vichwa vya akina mama. Nani hakuwa navyo? Sasa kuwa na sabuni zaidi ya ile ya kufulia nguo zako ilikuwa kesi, na waliochukuliwa kupelekwa Same hawakusema watarudi lini, kwa kuwa hata waliowachukua hawakujua.

Pasaka ilipopita, Mzee Melkizedeki alifika nyumbani kwa Rogathe. Alikuwa mzee wa kanisa, na ghala lake lilikuwa na vitu kuliko duka la kijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Lile somo lako la mnara nimesimuliwa. Limenikaa kweli."

Rogathe alifurahi, maskini, akavuta kigoda.

"Sisi mnara hatuna," Mzee Melkizedeki akasema, "lakini jabali tunalo. Ukikaa pale unaliona vumbi la gari kutoka Same kabla halijafika hata Kisiwani. Na kutoka Kisiwani mpaka hapa, unazijua mwenyewe zile kona. Wewe ukiona vumbi, puliza wimbo wa Ijumaa Kuu. Msimu wake umekwisha, hakuna atakayeupiga kwa bahati mbaya."

"Mzee, nikikamatwa je?"

"Anayefanya mazoezi ya nyimbo za Mungu anakamatwa kwa kosa gani?"

"Lakini mimi ni mwalimu wa muziki tu."

"Na Evaline ni mke wa mwalimu wa muziki tu. Ile miche ya sabuni na doti za khanga alizoletewa na dada yake wa Mwanga, unadhani ni siri? Ziko uvunguni mwa kitanda chako, mwanangu."

Aliyasema kwa upole, wala hakuwa anatisha. Alikuwa anasema ukweli, na ndio uliomkata Rogathe maini. Siku ile ile alipanda jabalini na tarumbeta yake.

Mara ya kwanza mpango ulikwenda vizuri ajabu. Vumbi likaonekana, wimbo ukalia, na Landrova ilipofika kijijini wana wa msako walikuta watu wanapalilia tangawizi kama malaika. Mara ya pili baadhi walitupa vitu vyao kijitoni kwa haraka, na maji yakatoa povu mpaka kule wafugaji wanakonyweshea. Watu walicheka sana. Rogathe hakucheka. Alikuwa halali, hali akashiba, na akisikia hata mashine ya kusaga ikinguruma alidhani ni gari. Siku za mwizi ni arobaini, na yeye hakuwa ameiba chochote ila alijiona yuko ya thelathini na tisa. Alimsihi Evaline avitoe vile vitu. Evaline alijibu kwamba vikitoka, ada ya shule ya binti yao Lukia nayo imetoka.

Mara ya tatu alipanda jabalini baada ya chakula cha mchana akakuta mtu amekaa pale pale anapokaa yeye. Alikuwa kijana wa makamo, shati safi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amekuja kwa miguu kwa njia ya nyuma ya mlima, ile wanayopita wakata kuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Rogathe akaitika, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine.

"Naitwa Evance. Niko kwenye kikosi cha msako. Usiogope, karibu tukae."

Rogathe akakaa, tarumbeta mapajani.

"Mimi nimelelewa Kilutheri," Evance akasema. "Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Nyimbo za kitabuni nazijua zote, nimeziimba tangu mdogo. Nimeambiwa ukiwa hapa unaupenda sana ule wa Ijumaa Kuu."

Rogathe alijiuliza. Nani aliyesema? Mbali kule chini, kwenye tambarare, vumbi lilinyanyuka. Wote wawili waliliona.

"Basi leo huo usiupige," Evance akasema taratibu. "Nipigie mwingine wowote, nipumzike. Tukimaliza tutashuka pamoja kama ndugu. Lakini ukinyamaza, mwalimu, nitajua hapa hukuja kwa ajili ya muziki."

Rogathe aliogopa. Aliogopa mpaka mdomo ukakauka, na mdomo mkavu haupulizi. Bondeni aliona moshi wa jiko lake. Evaline alikuwa pale, anapika makande, hana habari, na uvunguni mwa kitanda mzigo umekaa. Akimwona nyuma ya Landrova, ameshika nguzo, macho yake yatamtafuta nani? Akipuliza wimbo ule, yeye atakwenda na mkewe atabaki. Akinyamaza, wanakwenda wote wawili. Akipuliza mwingine, yeye atabaki na mkewe atakwenda.

Akalamba midomo, akainua tarumbeta. Hakuamua, naapa, vidole ndivyo vilivyokwenda kule vilikozoea kwenda kila jioni. Alipuliza sauti ya nne ya wimbo wa Ijumaa Kuu, ameipandisha ili tarumbeta iifikie. Sauti ya kwanza, ile ya juu ambayo watu wanaijua, hakuigusa hata kidogo. Ile besi ikatoka peke yake, hatua ndefu, ikishuka, ikigeuka, ikishuka tena.

Evance aliinamisha kichwa, akasikiliza. Rogathe alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Wimbo gani huu?"

"Ni wa kale. Enzi za Bach."

"Siujui. Ila una raha yake. Hebu rudia."

Akarudia. Akarudia tena na tena, mpaka Landrova ikapita chini ya jabali, na mguu wa Evance ulikuwa ukigonga jiwe kwa mapigo yake.

Waliposhuka, mgambo walikuwa wameshaenea nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa ameficha kitu. Uani kwa Mzee Melkizedeki magunia ya sukari yalikuwa yamepangwa juani, na yeye amesimama kando yake peku. Nyumba ya jirani yametoka madebe ya mafuta, nyingine khanga, nyingine betri za redio. Walipofika kwa mwalimu, mgambo wawili waliingia ndani, wakakaa, wakatoka wakipangusa mikono. Hakukuwa na kitu. Evaline alikuwa jikoni anakoroga makande.

Watu walikuwa wamejaa njiani wakitazama. Evance alimpa Rogathe mkono mbele yao wote, tena mikono miwili, kwa heshima.

"Asante sana, mwalimu. Umenipumzisha kweli kule juu."

Hata leo sijui kama alifanya kusudi. Landrova iliondoka imejaa, na Mzee Melkizedeki alikuwa ndani yake.

Rogathe aliingia jikoni, akafunga mlango.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia miguu inatembea," Evaline akajibu. "Nikajua ni ule. Nikavitupa vyote chooni."

"Uliwaambia wenzio?"

Evaline aliendelea kukoroga. Makande yale yalikuwa yameshaiva zamani.

"Nilifika mpaka kwenye migomba ya Mama Asteria. Nikamwona anaanua nguo. Nikawaza, nikisimama kumweleza mambo ya sauti ya nne, mpaka anielewe gari litakuwa limefika, na vyangu bado viko uvunguni. Nikarudi mbio. Niliogopa, baba Lukia."

Hakumlaumu. Angemlaumu kwa mdomo upi? Wote wawili wakasikiliza nje, na nje kulikuwa na vishindo vya nyayo.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Mama Asteria, mke wa Mzee Melkizedeki, na nyuma yake akina mama ambao waume zao au wana wao walikuwa wameondoka na lile gari. Hakuna aliyekuwa analia.

"Shikamoo, mama," Rogathe akasema.

Mama Asteria hakuitikia. Rogathe alikuwa hajawahi, tangu azaliwe, kunyimwa marahaba na mtu mzima.

"Mama, nilipuliza," akasema kwa haraka. "Haki ya Mungu nilipuliza. Yule mtu alikuwa amekaa ubavuni mwangu, amenikataza ule wimbo, nikapuliza besi yake. Ilikuwa ndiyo ile ile, mama, ila kwa sauti ya nne."

"Tulikusikia," Mama Asteria akasema. "Mume wangu alikuwa mlangoni, anataka kutoka akahamishe ile sukari, maana moyo wake ulikataa tangu asubuhi. Ndipo tukakusikia. Akasema, mwalimu leo anapiga mwingine, basi hakuna gari. Akavua viatu, akalala."