Bawabu wa Mama Cherehani

Jumanne asubuhi Mama Cherehani aliegemeza simu yake kwenye kopo la pini, akavaa miwani, akafungua ukurasa unaofundisha kukata mikono ya gauni la harusi. Kabla picha ya kwanza haijatokea, muuza magodoro alitoka kwenye simu akiwa na godoro kichwani, akasema hodi. Mama Cherehani akasema karibu, akasogeza mkasi ili mgeni asiukanyage, akaendelea kusoma.

Hakuwa wa kwanza. Sebuleni walikuwa wameshajikalia binti wa chai ya kupunguza tumbo, vijana wawili waliopokezana kupiga kelele "Hongera! Umeshinda!" bila kusema ameshinda nini, na muuza viatu. Huyu wa viatu ndiye aliyekuwa mwenyeji wao. Mama Cherehani aliwahi kutazama viatu vya bluu kwenye simu, mara moja tu, wala hakuvipenda, na tangu hapo yule bwana alimfuata sokoni, jikoni, hata hospitali alipokwenda kutazamwa goti, viatu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hasikii la mtu, basi.

Kila mmoja wao alikuwa na alama ya kumfungia nyuma ya sikio, ndogo kama chawa. Ukiigusa sawasawa, anaondoka. Ukiikosa, anaingia na ndugu yake. Vidole vya Mama Cherehani vilikuwa vimekomazwa na sindano, kwa hiyo ndugu walikuwa wengi.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la malezi. Mama Cherehani alilelewa kwamba mgeni akibisha hodi huitikiwa, na anayeomba kwa adabu hanyimwi. Simu yake ilikuwa na adabu kupita watoto wa mtaa mzima. Kila ukurasa ulipofunguka iliuliza: Unakubali? Naye akabonyeza Kubali, siku nyingine akiongeza kwa mdomo, "Nimekubali, mwanangu, endelea." Kitufe cha Kataa alikuwa akikiona vizuri. Aliona ni utovu wa adabu kukigusa.

Shida ilikuwa gauni. Lilikuwa la Kitinda, bintiye wa mwisho, anayeolewa Jumamosi. Mama Cherehani alikuwa amewashonea mabibi harusi wa watu mpaka wengine wameshapata wajukuu, na alikuwa ameapa kwamba gauni la mwanawe halitaguswa na mkono wa fundi mwingine. Lakini Kitinda alichagua mikono ya puto, iliyofura begani na kubana kwenye kiwiko, na mikono hiyo mama yake alikuwa hajawahi kuikata. Vipimo vilikuwa kwenye ule ukurasa. Na mbele ya vipimo walikuwa wamesimama vijana wa hongera.

"Wanangu, sogeeni kidogo nione."

"Hongera! Umeshinda!"

"Nimesikia. Sogeeni."

Jioni Kitinda alirudi kazini akiwa amechoka, akaazima simu ya mama, maana simu yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kioo na iko kwa mjomba kutengenezwa. Akainamia simu muda mrefu pembeni ya dirisha. Kisha akaja kupimwa.

"Mama, kiunoni usibane sana."

"Bibi harusi asiyebanwa huonekana kama mto."

"Basi nionekane mto, mama. Lakini usibane."

Mama Cherehani akacheka, akachomeka pini pale pale alipokuwa amekusudia. Usiku huo huo, kabla hawajalala, alitoka mgeni mpya kwenye simu. Alikuwa amebeba kitanda cha mtoto, kile chenye vizuizi pembeni, akakitua taratibu kwenye kizingiti.

"Na wewe una nini?" Mama Cherehani alimuuliza.

"Kitanda, mama."

"Hapa hakuna mtoto mchanga."

"Najua, mama. Nimeambiwa niwahi."

Akakaa karibu na mlango, miguu ameibana. Kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kuongea na mtu mzima, Mama Cherehani alimpa chai kabla ya wengine.

Alhamisi ilianza vibaya. Kwenye satini nyeupe, pale pa kukata mkono wa kushoto, palikuwa na alama ya kiatu. Muuza viatu alikana, akasema yeye hubeba, havai. Mama Cherehani hakubishana naye. Alipaka sabuni, akafikicha mpaka doa likatoka, akaweka simu kifuani, akatoka kwenda kwa mdogo wake. Wageni wakamfuata kwa mstari. Watu barabarani waliwapisha bila kugeuka, kila mmoja akiwa na wa kwake nyuma.

Mdogo wake alitengeneza simu katika kibanda cha bati karibu na posta, na mtaa mzima ulimwita Chaji. Aliangalia ule msafara, akaweka bisibisi chini.

"Dada, leo umekuja na kijiji."

"Niondolee. Harusi keshokutwa na mikono sijakata."

"Hawa huwamalizi kwa kufukuza mmojammoja. Tazama mlango wanaopitia. Unatumia brauza gani?"

"Hiyo hiyo iliyokuja na simu."

"Ehee," alisema Chaji, kwa sauti ile ya daktari anayekukuta na jino bovu.

Brauza, au kivinjari kama wanavyosema kwenye taarifa ya habari, ndio mlango wa simu wa kutokea kwenda mtandaoni. Wengi hawajui kwamba mlango huo hubadilishwa. Wanadhani umejengwa pamoja na nyumba. Chaji akatoa brauza tatu, akazitandaza mezani. Zilikuwa zimekunjwa kama sampuli za vitambaa.

"Hii ndiyo yako. Ina mbio, sikatai. Hii ya pili nyepesi, haili data. Hii ya tatu haina mbwembwe, na mara nyingine inasitasita, ila inakubali kuwekewa bawabu. Kizuia matangazo. Chagua."

Mama Cherehani hakujua simu, lakini kuchagua alikujua. Akazivuta moja moja kuona kama zinalegea. Akazinyanyua kwenye mwanga. Kisha akafanya kile afanyacho kwa kila kitambaa kabla hakijapita kwenye mkasi wake: akatoa leso nyeupe, akalowesha pembe ya brauza kwa mate, akasugua, aone kama inachuja rangi.

Ile ya tatu ilitoka bila doa. Ile ya pili iliacha ukungu wa kijani, na tangazo moja dogo la bahati nasibu likadondoka mezani, Chaji akalifunika na kikombe. Akasugua ya kwanza. Leso ikatoka imejaa maneno. Viatu vya bluu. Dawa ya goti. Jirani akifuga jogoo anayewika usiku nimshitaki wapi. Na chini kabisa, wino bado mbichi, maneno ambayo hakuyaandika yeye: kichefuchefu cha asubuhi huisha lini. Kumwambia mama kabla ya harusi au baada.

Akayasoma. Akayasoma tena. Chaji alikuwa akitafuta bisibisi iliyokuwa pale pale mbele yake.

"Inachuja," alisema Mama Cherehani, akaikunja leso, akaificha kifuani.

Kilichokuja kwanza ni furaha. Ilimpanda kutoka magotini, hata lile bovu, ikamfika kooni, akabaki amekaa kwenye kile kigoda cha wateja akitabasamu peke yake. Mjukuu! Hasira ilikuja baadaye, ndogo na kali kama pini iliyosahaulika kwenye pindo. Mtu baki mwenye kitanda alikuwa amejua kabla yake. Alikunywa chai yake, anajua, amenyamaza.

"Chaji, nani amewaambia hawa mambo ya mwanangu?"

"Wewe, dada. Ulibonyeza Kubali."

"Mimi nilikubali wageni. Sikukubali umbeya."

"Kule wanavihesabu kitu kimoja."

"Nani alisema vihesabiwe kitu kimoja?"

"Imeandikwa. Ndefu, lakini imeandikwa. Mtaa mzima tumekubali, dada, na mimi mmojawapo."

Kweli, nyuma ya pazia la kibanda walisikika wageni wake Chaji wakikohoa. Chaji akaondoa ile brauza ya kwanza, akaweka ya tatu, akaongeza kizuia matangazo. Bawabu akatoka kwenye simu. Alikuwa mama mfupi, mnene, na kigoda chake kwapani. Aliwasalimu wote kwa heshima, akaongozana nao hadi nyumbani, akaketi kizingitini. Muuza magodoro alipotaka kuingia, akamwambia, "Asante, hapana." Alilisema vizuri mno, kwa adabu zote, hata Mama Cherehani akashangaa kidogo kwamba neno hapana linaweza kukaa vizuri hivyo mdomoni mwa mtu. Hilo tu ndilo lililomshangaza siku ile.

Wageni wakatoka langoni bila ugomvi, wakajipanga nje ya ukuta. Mwenye kitanda alitoka wa mwisho. Mama Cherehani alimfuata mpaka kwenye lango, akakitingisha kitanda, akaona mguu mmoja umelegea.

"Kaza hapa," alimnong'oneza. "Halafu usiende mbali."

Bawabu alimtazama kwa jicho baya. Mama Cherehani akarudi ndani.

Lo, utulivu ule! Ukurasa ulifunguka mweupe, vipimo vyote vimekaa mahali pake. Akakata mikono, akaitia marinda, ikafura kama maandazi. Kisha akalala chali kidogo, akaamka, akafumua kiuno chote, akaachia nafasi kila upande, na juu yake akakunja kitambaa kwa mtindo ambao hata mwenye ukurasa hakuufundisha. Aliimba akifanya hivyo, na anaimba vibaya sana.

Ijumaa Kitinda alilivaa. Alivuta pumzi, akangoja kubanwa, hakubanwa. Akajitazama kwenye kioo. Akajigusa kiunoni, polepole, pale palipoachiwa.

"Mama. Umejuaje?"

Mama Cherehani alikuwa na pini mdomoni. Angeweza kusema. Leso ilikuwa bado kifuani.

"Mimi ni fundi," alisema.

Kitinda alilia mpaka ikabidi avue gauni lisilowe, na mama yake naye akalia, wakacheka, wakalia tena, na pini moja haijaonekana mpaka leo. Kitinda akamwambia yote kwa mdomo wake mwenyewe, tangu mwanzo, naye akasikiliza yote kama mtu asiyejua. Aliona kusema mwenyewe ni haki ya mtoto wake, na ilikuwa imeibiwa, na hakukuwa na mahali pa kwenda kuidai.

Harusi ilifana. Watu wa matangazo walicheza nje ya ukuta mpaka vumbi likatimka, vijana wawili wakipiga kelele "Hongera!" na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Bawabu alipelekewa sahani yake kizingitini. Mkwe, kijana mpole wa kupenda mambo ya haraka, alisifu brauza mpya lakini akabaki na yake ya zamani. Alisema hii ya kusitasita haiwezi.

Mjukuu alizaliwa wa kike, mweusi tititi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wazazi, waliokesha wakitafuta majina kwenye simu ya mkwe, walisema jina watalitangaza jioni, wakishalala kidogo. Mama Cherehani akambeba, akatoka naye barazani aote jua. Nje ya ukuta alisimama muuza viatu. Viatu vya bluu hakuwa navyo tena. Alikuwa na vidogo vyeupe, vya kuingia dole gumba, na alikuwa akimwita mtoto kwa jina lake.

"Asante, hapana," alisema bawabu.

Mama Cherehani alisimama akisikiliza. Lilikuwa jina zuri. Akalijaribu kimoyomoyo, akaona limemkaa mtoto sawasawa, halibani popote. Akarudi ndani, hakumwambia mtu.

Jioni Kitinda alipomwegemea na kumnong'oneza jina sikioni, Mama Cherehani alipiga kigelegele kirefu kuliko vyote vya maisha yake, kama bibi aliyekuwa wa kwanza kulisikia.