Jioni za Zima-Washa

Jumanne ile kikundi cha kompyuta kuukuu kilikuwa kinajiandaa kuvunjwa. Chama cha watumiaji wa kompyuta kilikutania ghorofani, juu ya duka la rangi, katika vyumba vilivyokuwa kliniki ya meno; mwenye jengo aliwaachia bure kwa sharti la kufagia ngazi. Katibu, ambaye mchana aliendesha gari la wagonjwa, alikuwa amemwomba kila mtu azime kompyuta yake ili achemshe maji ya chai, kwa sababu birika na kompyuta havikupatana kwenye umeme wa mle. Katiba ilitaka kila kikundi kiwe na watu watano, na hawa walibaki wanne. Wa tano alifia kwenye ngazi za chama mwezi uliopita, akiwa amekumbatia skrini ya kizamani, ile yenye kisogo. Walimwita Zima-Washa, maana hiyo ndiyo dawa aliyoanza nayo kwa kila ugonjwa.

Maji yalipochemka akaingia. Alivaa shati jeupe alilozikwa nalo. Akawapa mkono mmoja mmoja, akavuta kiti, akauliza ni mashine ipi inayosumbua. Mkono ulikuwa baridi, lakini hata wakati wa uhai wake hakuwa mtu wa mikono ya moto. Fundi saa, mratibu wa kikundi, alimsogezea kompyuta isiyowaka, akahesabu vichwa, akamwambia katibu kwamba hoja ya kuvunja kikundi imeondolewa. Katibu akaongeza kikombe.

Kamati ilikaa Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliisoma katiba toka juu hadi chini. Uanachama unakoma kwa kujiuzulu au kwa kufukuzwa. Kufa hakukutajwa popote. Akauliza kama kuna aliyepokea barua ya kujiuzulu. Hapakuwa na aliyepokea. Je, kuna anayetaka kumfukuza? Nani amfukuze, na nusu ya vikundi alikuwa akivifundisha yeye! Watu wa chama kile ukiwaambia nyumba inaungua, watauliza kwanza ajenda imefika wapi. Basi wakamrudishia ratiba yake ileile: Jumatatu wapiga picha, Jumanne kompyuta kuukuu, Jumatano wenye biashara ndogo wanaojifunza kupanga mahesabu, Ijumaa wanaotafuta nasaba zao. Alhamisi hapakuwa na kikundi, na siku hiyo alikuwa wapi hakuna aliyeuliza. Mke wake naye hakutajwa. Kikao kikafungwa, wakafagia ngazi.

Mke wake alipata habari kwa mteja. Alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alimpima mkunga mmoja gauni la kazini. Mkunga akasema, mikono ikiwa juu, kwamba Jumatatu Zima-Washa amemrudishia picha zote za mwanawe zilizopotea, na hakuchoka kumwelekeza hata aliporudia swali lilelile. Mjane alimaliza kupima kiuno. Akauliza kama mumewe alikuwa amekula. Mkunga akasema alimwona akinywa chai tu, akageuka apimwe mgongo.

Zamani, alipokuwa karani wa posta, mume alikuwa akimwambia: nikistaafu, jioni zangu zote zako. Alistaafu, na mwezi uleule chama kikaanzishwa. Tangu hapo mke alimwona kama mtu anavyomwona jirani, asubuhi, anafunga kamba za viatu. Akimwita jioni alijibiwa ngoja kidogo, nimalizane na fulani, na fulani hakuisha. Kwenye mazishi chama kizima kilisimama kusema jinsi marehemu alivyojitoa kwa kila mtu, naye alisikiliza hotuba zote amesimama, kwa sababu viti walikalia wao. Hakuwa na makuu. Alitaka jioni moja, wakae wawili, hata wasipozungumza kitu. Hilo ndilo alilolitaka akiwa hai, na ndilo alilolitaka sasa.

Kwa hiyo alianza kuacha mlango bila komeo. Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja kumliwaza na hakuonyesha dalili ya kuondoka, alimwangalia jioni kadhaa, mwishowe akamwambia aufunge, mbu wanaingia.

"Kaka yangu hakukaa hata tumboni," alisema. "Alizaliwa wa miezi saba."

Mjane alifunga mlango. Jumatano akavaa viatu vya kutokea, akaenda kwenye chama.

Alimkuta ameinama juu ya bega la muuza mkaa, anamwonyesha jinsi ya kujumlisha safu. Shati alilishona yeye, usiku wa kuamkia mazishi, na aliona kwamba kola imekaa vizuri. Mume akainua uso. Alimtambua, hilo halikuwa na shaka.

"Ah, umekuja," alisema. "Ngoja kidogo, nimalizane na huyu."

Mjane akakaa kwenye benchi la ukumbini, pale walipokuwa wakingoja watu wa kung'olewa meno. Baada ya muuza mkaa alikuja mwenye saluni, baada ya mwenye saluni akaja mtu ambaye kompyuta yake haikuwa na ugonjwa wowote, alitaka tu kusikia hivyo kutoka kwa mjuzi. Kisha katibu akazima taa kwenye swichi kubwa. Zima-Washa alikuwa mtu wa kwenye taa, zilipozimwa hakuwapo. Mjane alishuka ngazi na wengine, na muuza mkaa akamshikia mlango.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimpa pole, akamkaribisha kiti, akamweleza bila kona kwamba saa za vikundi ni za wanachama. Mgeni hawezi kuwakatia zamu. Lakini mlango uko wazi. Mtu anajiandikisha, na akishajiandikisha anaweza kuanzisha kikundi chake. Panatakiwa watu watano, jambo moja wanalolipenda, na jioni isiyo na mtu. Zima-Washa hajawahi kukataa kikundi.

"Alhamisi," mjane alisema.

Mwenyekiti akasema Alhamisi ni nafasi nzuri sana, na laiti wanachama wote wangekuwa na ari kama hiyo.

Kuunda kikundi si mchezo. Mjane hakuwahi kugusa kompyuta. Nyumbani ilikuwepo moja, ya mume, haikuwaka miaka na miaka. Ilifunikwa kitambaa, na juu yake zikarundikwa nguo za kupigwa pasi. Mganga hajigangi, na huyu wala hakujaribu. Aliiondolea nguo, akaona hapo pana jambo la kupendwa na watu: Kikundi cha Kompyuta ya Nyumbani. Mkunga alikubali mara moja. Mlinzi wa duka la rangi alikubali kwa ajili ya kiti. Fundi bomba, jirani, alisema kompyuta ni fasheni, zitapita kama suruali bwanga zilivyopita, lakini hakuwa na neno Alhamisi. Wifi alitia saini kwa sharti kwamba asiguse kitu chochote wala asiulizwe swali.

"Nakuja kumwona kaka," alisema. "Nimtazame usoni anavyodanganya."

Kamati ilipitisha. Ikapitisha na jambo la pili, palepale. Kikundi cha printa kilikuwa hakina siku, na sasa kwa kuwa Alhamisi jengo litafunguliwa na mjane, taa zitawaka na ngazi zitafagiliwa, ni hasara kutumia chumba kimoja. Wakapewa cha pili, chenye kiti cha kung'olea meno ambacho chenyewe kilikataa kung'oka sakafuni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwenyekiti mwenyewe alimpelekea mjane ufunguo, akamshukuru.

Alhamisi mjane alifunga cherehani mapema. Aliibeba kompyuta akisaidiwa na mlinzi, wakapanda nayo ngazi zilezile alizofia mumewe, wakipumzika kwenye kona. Aliipangusa vumbi, akapanga viti sita, cha sita karibu na chake. Akachemsha maji. Mkunga na fundi bomba wakaja, wifi akaja amejipaka mafuta. Wakakaa kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo.

Akaja kweli. Alisimama mlangoni na shati lake, akawatazama watu, akaitazama kompyuta yake mwenyewe juu ya meza. Alisema kikundi kimekaa vizuri, na mada ni nzuri, wengi wanaisahau. Mjane akakivuta kiti cha sita.

"Kaa basi," alisema.

"Leo wameniomba watu wa printa. Wale hawana mtu kabisa."

"Na mimi nina nani?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo, kila aliyewahi kumuuliza jambo analijua hilo.

"Wewe unaweza mwenyewe," alisema. "Siku zote umeweza."

Alilisema kwa upole, na alimaanisha, maana kwake ilikuwa sifa. Akageuka, akaingia chumba cha pili. Wifi, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alitazama vidole vyake. Mjane hakusikia hata uchungu, kama mguu uliolaliwa. Fundi bomba akauliza kama wataanza. Mjane akasema ndiyo, waanze.

Ukuta baina ya vyumba vile ulikuwa wa mbao, uliowekwa ili wagonjwa wajue kwamba zamu yao inakaribia. Walimsikia vizuri. Alimwambia mtu asiogope, karatasi ikikwama haivutwi kwa nguvu. Alimwambia mwingine arudie, hapana haraka, wana jioni nzima.

Kikundi hakikuvunjika. Mjane alijifunza kwa mkunga, kwa kitabu, na kwa kubonyeza. Kompyuta ikawaka, na walipoizoea wakaleta na za kwao. Alhamisi baada ya Alhamisi alifungua jengo, akafagia ngazi, akaandaa chai ya vyumba viwili. Mume alipopita ukumbini alimpungia mkono, na yeye alimpungia. Kwenye mkutano mkuu mwenyekiti alimtaja kama mfano wa mtu anayejitoa, akaomba apigiwe makofi, na akapigiwa. Zima-Washa alipiga makofi kuliko wote. Mwaka ule walimwongezea mume kikundi kingine cha Alhamisi kwenye ratiba, cha simu za mkononi, katika chumba cha mwisho.

Siku moja alikuja mwanachama mpya, mwanamke aliyeolewa karibuni, ana kompyuta mapajani na hajui aanzie wapi. Mjane akamvutia kiti. Yule mgeni alikaa kidogo akisikiliza ng'ambo ya ukuta, ambako mtu alikuwa ameuliza swali la kijinga na alikuwa akijibiwa taratibu, kwa mara nyingine.

"Jamani, huyo baba ana subira," alisema. "Mkewe ana bahati."

Mjane naye akasikiliza. Ilikuwa kweli, sauti ilikuwa ya mtu mwenye subira. Akasema ndiyo, ana bahati, akamwonyesha pa kubonyeza.